Shajara ya mradi: ‘weald’ na ‘wold’, neno moja lililokwenda njia mbili

9 Novemba 2024: Swali na vifaa

Kusini-mashariki mwa Uingereza, kati ya safu mbili za vilima vya chaki zinazoitwa North Downs na South Downs, kuna nchi pana iitwayo the Weald. Inachukua sehemu kubwa ya Kent na Sussex na kipande cha Surrey. Ukienda kaskazini-magharibi unakutana na Cotswolds, na mbali zaidi kaskazini Lincolnshire Wolds na Yorkshire Wolds. Kamusi zinasema weald na wold ni neno moja la Kiingereza cha Kale, na maana yake ni msitu. Lakini ukisimama juu ya Yorkshire Wolds unachokiona ni mashamba ya ngano na malisho ya kondoo hadi upeo wa macho. Neno la msitu lilifikaje kwenye nchi iliyo wazi kiasi hicho? Hapo ndipo mradi unapoanzia.

Lengo ni kuandaa kidahizo kimoja kamili, yaani neno pamoja na maelezo yake, kwa ajili ya faharasa ya maneno ya mandhari, itakayowafaa walimu wa fasihi ya Kiingereza na watafsiri wanaofanya kazi kwa Kiswahili. Maneno haya huwasumbua sana. Mwanafunzi anaona wold, anafungua kamusi ya kawaida, anaambiwa ni uwanda wa juu usio na miti. Anafungua ya historia ya lugha, anaambiwa ni msitu. Yote mawili ni kweli, na hakuna anayemweleza kwa nini.

Mimi naishi Kent, kwa hiyo the Weald naifikia kwa treni. Aliyeko Arusha au Mombasa anaweza kurudia karibu kazi yote akiwa mezani, kwa sababu vifaa vikuu ni vya bure: kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth na Toller, inayopatikana mtandaoni, tovuti ya Open Domesday, yenye orodha ya mahali palipotajwa katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 (daftari la mfalme la ardhi na mali za Uingereza), hazina ya majina ya mahali ya Chuo Kikuu cha Nottingham, ramani za zamani zilizopigwa picha na Maktaba ya Taifa ya Scotland, orodha ya majina ya Ordnance Survey iitwayo OS Open Names, na programu ya ramani ya QGIS. Gharama ya hatua hii ni bando tu.

23 Novemba 2024: Kusaka kwa herufi kumeshindwa

Wazo la kwanza lilikuwa jepesi: pakua majina yote ya Ordnance Survey, chuja yenye ‘weald’, ‘wold’, ‘wald’ na ‘walt’, kisha mwaga nukta kwenye ramani. Faili linakuja limekatwa vipande mamia, kila kimoja na mraba wake wa nchi, na vichwa vya safu wima vimewekwa kwenye faili la pembeni. Anayefuata njia hii aanze na hilo faili la vichwa, la sivyo atakuwa na safu za tarakimu asizozijua.

Matokeo yalikuwa vurugu. Mitaa iliyopewa majina ya watu ilijaa kila mahali. Kila Oswald aliyepata barabara Uingereza alikuwemo, naye hahusiani na msitu. Sehemu hiyo ya jina lake inatoka kwenye neno la nguvu na utawala (nitalirudia hapa chini). Dawa ni kuchuja kwa aina kabla ya kuchuja kwa herufi. Safu ya aina ina thamani ‘populatedPlace’, yaani makazi. Ukiiacha hiyo peke yake, barabara, stesheni na postikodi zote zinaondoka.

Tatizo la pili lilikula muda zaidi. Nukta zilipopakiwa QGIS hazikuonekana popote. Dada mmoja anayefundisha jiografia Morogoro, niliyekuwa nikimtumia picha za skrini, alicheka akaniandikia: “Kaka, hizo si digrii, ni mita.” Waingereza wana mfumo wao wa gridi ya taifa unaopima mita kwenda mashariki na kaskazini kutoka nukta moja iliyoko baharini, kusini-magharibi mwa nchi. Programu ilikuwa inazisoma tarakimu hizo kana kwamba ni latitudo na longitudo, hivyo ikazirusha nje ya dunia. Weka mfumo EPSG 27700 wakati wa kupakia, si baadaye. Nukta zikakaa mahali pake.

14 Desemba 2024: Tahajia ya leo haiaminiki

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha mradi mzima. Ramani ilipopatikana ilionekana nzuri, na nusu yake ilikuwa ya uongo.

Saffron Walden, mji maarufu wa Essex, ulikuwa umekaa pale ukionekana mtoto halali wa wald. Sivyo. Domesday inauandika Waledana, na wataalamu wanalichambua jina kuwa walh, neno ambalo Waanglo-Saksoni waliwaitia Wabritoni wenyeji, pamoja na denu, yaani bonde. Ni Bonde la Wabritoni. King's Walden na St Paul's Walden za Hertfordshire zina asili hiyohiyo. Walton nyingi nazo ni mtego: Walton-on-Thames ni kijiji cha Wabritoni, na nyingine zinatokana na neno la ukuta au la kijito. Lakini Waltham ni halali: weald na ham, makazi ya msituni. Waldron ya Sussex ni halali pia: weald na ærn, nyumba ya msituni.

Upande wa pili kuna majina ambayo kusaka kwa herufi hakuwezi kuyanasa hata kidogo. Northamptonshire kuna kijiji kinaitwa Old. Anayekipita kwenye ramani atadhani kimeitwa hivyo kwa uzee. Jina lake ni wald yenyewe, iliyokuwa wold, kisha vinywa vya wenyeji vikaidondosha w ya mwanzo. Horninghold ya Leicestershire imeficha wald kwenye silabi ya mwisho. Na Kent kwetu, kwenye reli ya kutoka Canterbury kwenda Dover, kuna stesheni imeandikwa Shepherds Well, kisima cha wachungaji. Hakuna kisima wala mchungaji katika asili yake. Domesday imeandika Siberteswald, na hati ya zamani zaidi, ya karne ya 10, inaonyesha kwamba ni msitu wa mtu aliyeitwa Swithbeorht. Jina la Sibertswold bado linatumika sambamba na lile la kisima. Watu walisikia jina wasilolielewa tena, wakaligeuza kuwa jina wanaloelewa.

Kwa hiyo utaratibu umegeuzwa. Sasa kila jina linaingia kwenye jedwali likiwa na safu tatu: tahajia ya leo, tahajia ya zamani kuliko zote iliyothibitishwa, na uamuzi. Jina lisilo na tahajia ya zamani haliingii kwenye ramani, hata kama linavutia namna gani. Kazi inakwenda polepole, lakini jedwali ni safi. Hazina ya Nottingham inatosha kwa majina mengi. Yaliyobaki niliyafuata maktaba ya kaunti, kwenye majuzuu ya chama cha majina ya mahali ya Uingereza kilichoanzishwa 1923, ambacho kimekuwa kikitoa uchambuzi kaunti baada ya kaunti. Kusoma pale ni bure, na kutoa nakala za kurasa kulinigharimu pauni chache.

11 Januari 2025: Irabu iliyowatenganisha ndugu

Kwa nini umbo ni mawili? Jibu linapatikana kwenye lahaja. Katika Kiingereza cha Kale, Wasaksoni wa magharibi na watu wa kusini kwa jumla waliivunja a iliyotangulia l na konsonanti nyingine ikawa ea: eald, ceald, weald. Waangli wa katikati na kaskazini waliiacha: ald, cald, wald. Baadaye, sauti hiyo ya Kiangli ikarefuka mbele ya ld, ikajiviringa kuwa o. Ndiyo maana leo kuna old na cold, na ndiyo maana kuna wold.

Kiingereza sanifu kilichukua maumbo ya Kiangli kwa maneno hayo ya kila siku. Mtu wa Kent leo anasema cold kama watu wa katikati ya nchi, lakini jina la nchi yake analiita Weald, kwa umbo la kusini. Jina la mahali lina ukaidi huo: halibadiliki kwa sababu tu lugha ya mjini imebadilika.

Nje ya Uingereza ndugu wapo wazi: Wald ya Kijerumani na woud ya Kiholanzi, zote mbili msitu. Ndugu wa Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, ni vǫllr, na huyu maana yake ni uwanja, mbuga ya majani. Ndiye aliye ndani ya Þingvellir, uwanja wa bunge la kale la Iceland, na ndani ya Tynwald, bunge la Kisiwa cha Man. Tynwald ilikuwa imeingia kwenye orodha yangu ya mwanzo kwa sababu ya herufi zake. Nimeiondoa kwenye ramani ya Kiingereza, lakini nimeiwekea ukurasa wake, kwa sababu inaonyesha kwamba safari ya kutoka msitu hadi uwanja wazi ilitokea mara mbili katika ukoo huu: Skandinavia kwanza, kisha katika wold za Uingereza.

Mtego wa kamusi: ukitafuta weald kwa Bosworth na Toller utakutana pia na geweald, nguvu au mamlaka. Huyo ni jirani wa sauti tu. Wa ukoo wa geweald ni kitenzi wield cha leo, Gewalt ya Kijerumani, na yule Oswald wa barabarani. Nimeona maelezo yanayochanganya mawili haya na kusema Weald ni “nchi ya mamlaka ya mfalme”. Msiyachukue.

Jirani mwingine ni wild. Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya Henry IV, anamtaja mtu mwenye mali kutoka “the wild of Kent”, na matamshi hayo yamewafanya wengi waamini kwamba Weald maana yake ni pori lisilofugika. Katika Kiingereza cha Kale wilde na weald yalikuwa maneno mawili tofauti. William Caxton, mchapishaji wa kwanza wa Kiingereza, aliandika miaka ya 1470 kwamba alizaliwa na kujifunza Kiingereza chake Kent, “in the weeld”. Mzaliwa wa huko alijua jina la kwao.

8 Februari 2025: Nadharia mbili zimeanguka

Nilitaka kuchora mstari: kusini weald, kaskazini wold. Ramani safi iliukataa mstari huo pande zote mbili. North Weald na South Weald ziko Essex, kaskazini ya mto Thames, na Harrow Weald iko London. Halafu Kent, ngome ya weald, ina wold zake: Sibertswold, Womenswold, na Ringwould karibu na pwani. Zote ziko mashariki ya kaunti. Kila umbo linatawala upande wake, lakini mpaka umejaa matobo.

Nadharia ya pili ilikuwa ya mwinuko: wold ni juu, weald ni chini. Nayo haikusimama. Kilele cha Lincolnshire Wolds, karibu na Normanby le Wold, ni mita 168 tu. Garrowby Hill, juu kabisa ya Yorkshire Wolds, ni mita 246. Crowborough, katikati ya High Weald, ni kama mita 240. Cleeve Hill ya Cotswolds inafika mita 330, lakini Southwold ya Suffolk iko ufukweni kabisa, mawimbi yanaipiga. Southwold maana yake ni msitu wa kusini. Ilipata jina wakati neno bado lilimaanisha miti, kabla halijamaanisha kilima.

Kilichofanya kazi ni udongo. Taasisi ya jiolojia ya Uingereza inatoa bure ramani ya miamba ya nchi nzima kwa vipimo vya 1:625,000, nayo inafunguka QGIS bila taabu. Ukiilaza chini ya nukta, picha inajieleza. Yorkshire Wolds na Lincolnshire Wolds ni chaki. Cotswolds ni mawe ya chokaa. Wold tatu za Kent mashariki nazo zimekaa juu ya chaki ya North Downs. The Weald ni udongo wa mfinyanzi na mawe ya mchanga.

Chaki hupitisha maji. Juu yake udongo ni mwembamba na mkavu, na plau inapita. Huko miti ilifyekwa mapema, kondoo na nafaka vikachukua nafasi, na jina likabaki juu ya nchi iliyokwisha kuvuliwa nguo. Vizazi vilivyozaliwa baada ya hapo walisikia wold, wakatazama walipo, wakaona vilima vilivyo wazi. Kwao neno lilimaanisha hicho walichokiona. Kufikia Kiingereza cha Kati, kilichofuata Kiingereza cha Kale, maana ya uwanda wa juu ulio wazi ilikuwa imeingia katika matumizi. Mfinyanzi wa the Weald haukuruhusu haraka hiyo. Msitu ulidumu huko, na kwa hiyo jina halikulazimika kuachana na maana yake.

Margaret Gelling, aliyesoma majina haya kwa makini kuliko wengi, alisisitiza kwamba Waanglo-Saksoni hawakuwa na maneno ya mandhari ya kubahatisha. Kila neno la kilima au bonde lilikuwa na umbo lake maalumu. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kuacha kutafuta maana moja ya kujumlisha, nikaanza kuuliza kila jina liliona nini siku lilipotolewa.

15 Machi 2025: Miguuni

Safari mbili, kwa makusudi katika kaunti moja, ili kulinganisha udongo bila kulinganisha hali ya hewa. Nauli zote mbili pamoja hazikuzidi pauni 30. Nilinunua pia ramani mbili za karatasi, kama pauni 13 kila moja. Nawashauri msizinunue. Ramani za zamani za bure za Maktaba ya Taifa ya Scotland zilinifaa zaidi, kwa sababu zinaonyesha mipaka ya mashamba na misitu kabla ya barabara kuu na nyumba mpya.

Ya kwanza: nilishuka Pluckley, nikatembea kwenda Smarden. Stesheni iko tayari kwenye mfinyanzi. Hatua chache nje ya lami na buti zilikuwa zimebeba udongo wa kijivu-njano unaonata, kila hatua unaongezeka, mpaka unasimama kuukwangua kwa kijiti. Maji yalikuwa yamesimama ndani ya nyayo za ng'ombe, hayazami. Karibu kila shamba lilikuwa na kidimbwi pembeni. Miti ya mwaloni imesimama kwenye ua wa kila mpaka, na vipande vya msitu vimeachwa pale ambapo mteremko au unyevu haukumruhusu mtu kulima. Njia yenyewe inajipinda kila baada ya muda mfupi, na mahali pengine imezama chini ya mashamba ya pande zote mbili. Unaelewa bila kusoma kitabu kwa nini plau ya ng'ombe ilichelewa kufika hapa.

Ya pili: Shepherdswell, wiki iliyofuata, baada ya mvua ileile. Shamba lililolimwa lilikuwa jeupe-kijivu, limetapakaa mawe magumu ya gumegume yanayovunjika kwa ncha kali. Buti zilirudi na vumbi la chaki. Upepo ulikuwa unapita bila kizuizi. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa aliniuliza ninapiga picha za nini chini, nikamwambia napiga udongo kwa sababu ya jina la kijiji. Akasema alidhani ni la kisima, lakini hajawahi kuonyeshwa kisima hicho.

Smarden ilinirudisha kwenye nyaraka. Silabi ya mwisho ni denn, malisho ya msituni, hasa ya nguruwe, na ya kwanza ni neno la siagi au mafuta. The Weald ya Kent imejaa denn: Tenterden, Biddenden, Benenden, Rolvenden. Tenterden ni denn ya watu wa Thanet, ncha ya Kent iliyo kama kilomita 60 kutoka hapo. Wakulima wa pwani walikuwa na haki ya kupeleka nguruwe wao msituni, mbali na nyumbani, wale matunda ya mwaloni wakati wa kupukutika. Njia nyingi za kale za Kent bado zinalalia upande huo, kutoka vijiji vya kaskazini-mashariki kuteremka kusini-magharibi, kwa sababu kwato ndizo zilizozichora.

Hapa Domesday inampotosha asomaye haraka. Kwenye ramani ya Open Domesday eneo la the Weald linaonekana karibu tupu. Benenden na Newenden zimetajwa, Tenterden haimo. Ukichukua utupu huo kama ulivyo utaandika kwamba hakukuwa na watu. Dawa yake ni kusoma vijiji vya nje ya msitu, vya Kent na Sussex. Humo makarani wa mfalme waliandika msitu kwa idadi ya nguruwe, na denn za mbali zilihesabiwa chini ya kijiji mama. Watu na mifugo walikuwepo, ila waliandikwa kwingine.

Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni zinaunga mkono hilo kwa namna mbili. Chini ya mwaka 755 zinasimulia jinsi Sigeberht, mfalme wa Wessex aliyepinduliwa, alivyofukuzwa hadi msitu wa Andred, jina la kale la the Weald, akakaa humo mpaka akachomwa kisu na mchunga nguruwe. Hata katika kifo cha mfalme, mtu wa msituni ni mchungaji. Na chini ya mwaka 892, meli za Wadenmark zinapoingia mdomo wa mto Limen, mwandishi anasema msitu huo una urefu wa maili 120 au zaidi kutoka mashariki kwenda magharibi, na upana wa maili 30. Kwa maili za leo ni kama kilomita 190 kwa 48. Katika aya hiyohiyo anauita wudu anapoupima, kisha anasema mto unatoka “ut of þæm wealda”, na kwamba meli zilivutwa juu ya mto mpaka kwenye weald. Wudu ni miti. Weald, jinsi ninavyomsoma, ni nchi nzima ambayo miti hiyo imeifanya, pamoja na mipaka yake, njia zake na nguruwe wake.

26 Aprili 2025: Chuma

Pingamizi lilikuja kutoka kwa msomaji mmoja, mwalimu wa historia: the Weald ilikuwa kitovu cha chuma cha Uingereza tangu enzi ya Warumi, na tanuru za chuma hula mkaa. Msitu ulisalimikaje?

Pingamizi ni zuri, na lilistahili hatua yake. Moja ya tanuru za kwanza za kupuliziwa kwa nguvu ya maji Uingereza ilijengwa Newbridge, ndani ya Ashdown Forest, mwaka 1496. Ya mwisho katika eneo hilo, Ashburnham, ilizimwa 1813. Mabwawa yaliyotengenezwa kuendesha nyundo bado yapo, na kwenye vijito vya Sussex mtu anaokota mavi ya chuma meusi, yenye kung'aa kama kioo pale yalipovunjika.

Lakini mwenye tanuru anahitaji kuni mwaka huu na mwaka wa ishirini kuanzia leo. Akifyeka msitu, anaifunga tanuru yake mwenyewe. Kwa hiyo miti ilikatwa karibu na ardhi na visiki kuachwa vichipue, kisha inarudiwa baada ya miaka kadhaa, kitalu kwa kitalu. Oliver Rackham, mwanahistoria wa misitu ya Uingereza, alilitetea jambo hili kwa nguvu: msitu wenye kazi ulilindwa, na aliyeumaliza alikuwa mkulima. Kwenye chaki mkulima alishinda mapema. Kwenye mfinyanzi mhunzi alikuwa na sababu ya kuubakiza. High Weald, takribani kilomita za mraba 1,450, inalindwa kisheria kama mandhari tangu 1983, na ni miongoni mwa sehemu zenye misitu ya kale mingi kuliko zote nchini.

Kidahizo kimeongezewa sentensi moja kwa sababu ya mwalimu huyu.

24 Mei 2025: Kidahizo, hesabu, na kinachofuata

Rasimu ya kwanza ilitafsiri weald kama nyika. Ilikataliwa na wote watatu niliowapa waipitie, nami nakubaliana nao. Nyika kwa Mswahili ni nchi kavu ya majani na miiba, na the Weald ni unyevu mtupu. Pori nalo linaondoa watu. Kidahizo kinasomeka sasa hivi:

*Weald* (Kiingereza cha Kale *weald*, *wald*): nchi ya msitu, hasa msitu wa malisho unaotumiwa na vijiji vya mbali. Kwa umbo la kusini, ni jina la eneo la misitu la Kent, Sussex na Surrey, lililodumu kwenye mfinyanzi na mawe ya mchanga na kutunzwa kwa ajili ya mkaa. Kwa umbo la kaskazini na katikati, *wold*: zamani msitu, kuanzia Kiingereza cha Kati, nyanda za vilima zilizo wazi, zaidi juu ya chaki na chokaa. Katika majina ya mahali maana ni ile ya siku jina lilipotolewa. Lisichanganywe na *wild*, *geweald* wala *walh*.

Gharama zote tangu mwanzo, ukijumlisha ramani mbili zisizo za lazima, nauli na nakala, zimekuwa chini ya pauni 70. Atakayefanya kazi ya mezani tu atalipia intaneti.

Jedwali la majina lenye safu tatu, faili la QGIS na picha za udongo wa Smarden na Shepherdswell nimeviweka pamoja, na yeyote anaweza kuvichukua na kuvisahihisha. Ukipata jina lenye tahajia ya zamani ambalo limenipita, niletee tahajia pamoja na mwaka wake. Jina tupu sitaliingiza.

Hatua inayofuata ni tabaka la denn na la hyrst, kilima chenye miti, neno lililomo ndani ya Goudhurst, Lamberhurst na Staplehurst. Nimeanza na Goudhurst. Kabla ya kuchuja chochote naweka EPSG 27700.